Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: historia ya mbegu za mpunga katika maji ya dawa



Msemo huu wa mchele mmoja na mapishi mbalimbali tumeusikia tangu utotoni, mara nyingi harusini, watu wanapolinganisha pilau ya huku na pilau ya kule. Katika makala hii tunauchukua kwa maana yake ya wazi kabisa. Tunaeleza jinsi wanasayansi walivyoziloweka mbegu za aina moja katika kemikali ya aina moja, wakapata matokeo tofauti kwa sababu ya maji, joto, asidi na saa.

Baadhi yetu tunasoma biolojia na wengine historia, na ndiyo maana tumeandika pamoja. Vitabu vya darasani huisimulia habari hii kama orodha ya kemikali: kwanza ilipatikana hii, kisha ile, kisha ile nyingine yenye nguvu zaidi. Sisi tunadai kwamba orodha hiyo inaficha nusu ya kazi. Kila kemikali ilipopatikana ilikuwa bado haina faida kwa mkulima. Ilianza kufaa pale mtu fulani alipojifunza namna ya kuitumia: mbegu zilowekwe majini muda gani kabla, dawa iwe na joto gani, zisuuzwe vipi baadaye. Historia ya mabadiliko ya jeni katika mpunga ni historia ya mapishi hayo.

Kutoka mionzi hadi gesi ya vita

Mwaka 1927, Hermann Muller wa Marekani alionyesha kwamba eksirei huongeza mabadiliko ya jeni katika nzi wa matunda. Mwaka uliofuata, Lewis Stadler wa Chuo Kikuu cha Missouri alitangaza matokeo ya namna hiyo katika shayiri. Linalotuhusu katika kazi ya Stadler ni hili: aligundua kwamba mbegu zilizoanza kuota hubadilika kwa wingi kuliko mbegu kavu zilizolala, hata zikipigwa mionzi kwa kipimo kilekile. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa ilijulikana kwamba hali ya mbegu yenyewe ni sehemu ya kipimo.

Kemikali zilichelewa kuingia, na zilipoingia zilipitia mlango wa vita. Charlotte Auerbach alizaliwa Ujerumani mwaka 1899. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, aliondoka huko mwaka 1933 baada ya Hitler kutwaa madaraka, akafika Edinburgh. Madaktari walikuwa wameona kwamba majeraha ya gesi ya haradali, ile silaha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yanafanana na majeraha ya eksirei. Kama vidonda vinafanana, je, madhara kwenye urithi nayo yanafanana? Kuanzia mwaka 1940, Auerbach pamoja na mtaalamu wa dawa J. M. Robson waliwaweka nzi wa matunda kwenye gesi hiyo. Vifaa vilikuwa duni na mikono ya Auerbach iliungua. Nzi walionyesha mabadiliko mengi, lakini kwa kuwa gesi ya haradali ilikuwa siri ya kijeshi, matokeo hayo hayakuchapishwa mpaka 1946.

Auerbach aliona jambo jingine ambalo baadaye lingewasumbua wakulima wa mpunga. Nzi wengi waliotokana na kemikali walikuwa na mabaka, sehemu moja ya mwili imebadilika na nyingine haikubadilika. Kemikali inaweza kuigusa DNA leo, lakini badiliko lenyewe likajitokeza baada ya seli kugawanyika. Tutalirudia suala hili la mabaka.

Mwaka huohuo wa 1946, Iosif Rapoport wa Umoja wa Kisovieti alichapisha habari za kemikali nyingine zenye kazi hiyo, ikiwemo fomaldehaidi. Rapoport alikuwa amepoteza jicho vitani. Miaka miwili baadaye alikataa kuyakana maarifa ya jenetiki mbele ya kundi la Lysenko lililokuwa likiungwa mkono na serikali, akapoteza kazi yake. Aliporudi maabara mwishoni mwa miaka ya 1950, alishughulika na kemikali za jamii ya nitrosoyurea, ambazo zilikuwa na nguvu ya ajabu. Mmoja wa jamii hiyo, methili nitrosoyurea au MNU, ndiye atakayetufikisha Japani.

Dawa inayooza majini

Kemikali iliyotumika zaidi kwenye mbegu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ni ethili methenisalfoneti, kwa kifupi EMS. Kazi yake si ngumu kuieleza. DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. G hushikana na C, na A hushikana na T. EMS hubandika kipande kidogo cha kaboni kwenye herufi G. G iliyobandikwa hivyo hukosea mwenzake: badala ya kushikana na C hushikana na T. Seli inapoinakili DNA yake, mahali palipokuwa na G na C panakuwa na A na T. Herufi moja imebadilika, na kila seli inayotokana na hiyo itairithi.

Tunaiita dawa kama mkulima anavyoita dawa kila kitu kinachopulizwa au kulowekwa shambani. Neno letu lina sura mbili, kuponya na kuua, na hapa sura zote mbili zipo. EMS inashukiwa kusababisha saratani, na anayeishika huvaa glavu, hufanya kazi ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, na huyatibu maji machafu kabla ya kuyamwaga.

Ugumu wa EMS uko kwenye maji. Ikishachanganywa na maji huanza kuvunjika, ikitoa alkoholi na asidi. Katika joto la sentigredi 20, nusu yake huwa imevunjika baada ya saa 93 hivi. Kwenye sentigredi 30, nusu huisha kwa saa 26 tu. Kwa hiyo maabara mbili zinaweza kuandika kwamba zimetumia asilimia 1 ya EMS kwa saa 12, lakini moja iko kwenye chumba cha baridi na nyingine kwenye nchi ya joto, na mbegu zao hazikupokea dawa sawa. Isitoshe, ile asidi inayobaki huidhuru mbegu bila kuleta badiliko lolote la maana. Mbegu hufa, na mtafiti hudhani dawa imefanya kazi kumbe ni sumu ya makapi yake.

Kutokana na hayo kulijengeka utaratibu ambao karibu kila maabara ya mpunga huufuata kwa namna yake. Mbegu hulowekwa kwanza katika maji matupu kwa saa kadhaa. Kusudi ni mbili: ganda na kiinitete vinywe maji ili dawa ipenye kwa usawa, na seli ziamke na kuanza kunakili DNA, maana hapo ndipo kosa la herufi huwekwa muhuri. Halafu dawa huchanganywa upya siku hiyohiyo, mara nyingi katika maji yenye chumvi za fosfati za kuizuia asidi isipande. Mbegu hutikiswa polepole ili zote ziguswe na zipate hewa. Mwisho husuuzwa kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu. Anayetaka kuzikausha na kuzipanda baadaye inampasa asuuze kwa makini zaidi, kwa sababu mbegu ikikauka, dawa iliyobaki ndani yake huzidi ukali.

Kipimo chenyewe hutafutwa kwa majaribio madogo. Mbegu hugawanywa katika mafungu, kila fungu na ukali wake wa dawa, kisha huhesabiwa ngapi zimeota na miche imefupika kiasi gani. Ukali ukiwa mdogo, mimea yote itaishi na hakuna jipya. Ukizidi, itakayoishi itakuwa tasa. Anayetafuta hutafuta katikati, na katikati hiyo si moja kwa mpunga wote: aina ya indica na ya japonica zinaweza kutofautiana, na hata mbegu za mwaka huu na za mwaka juzi.

Asidi kidogo, matokeo makubwa

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kwenye shayiri, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mji wa Pullman. Huko Robert Nilan, Calvin Konzak na wenzao walitumia miaka mingi kupima hali za kuloweka, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ilipotoka shayiri iitwayo Luther katika miaka ya 1960, iliyopatikana kwa kemikali ya daiethili salfeti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi hilo liligeukia sodiamu azaidi, sumu inayojulikana kwa kuzuia seli kupumua. Katika maji ya kawaida, azaidi huelea ikiwa na chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hupita kwa shida kwenye utando wa seli. Walipoyafanya maji yawe na asidi ya pH 3, azaidi ikageuka kuwa asidi ya hidrazoiki isiyo na chaji, ikapenya ndani, na mabadiliko ya jeni yakafurika. Kemikali ileile, mbegu zilezile. Kilichoongezwa ni asidi. Baadaye ilionekana kwamba azaidi yenyewe si mtendaji wa mwisho: mmea huigeuza ndani ya seli kuwa kitu kingine, na hicho ndicho kinachobadili DNA. Mbegu, kwa maneno mengine, inashiriki kujipikia. Utaratibu wa pH 3 ulihamia kwenye mpunga na nafaka nyingine. Lakini ulikuja na hatari yake, kwa kuwa asidi ya hidrazoiki hupaa kama gesi na ni sumu kali kwa binadamu.

Usiku baada ya kuchanua

Sasa turudi kwenye mabaka ya Auerbach. Kiinitete ndani ya mbegu ya mpunga tayari kina seli nyingi, na zile zitakazozaa mashuke ni zaidi ya moja. Dawa haiwezi kuzigusa zote kwa namna moja. Mmea unaotoka kwenye mbegu hiyo, ambao wataalamu huuita kizazi cha M1, huwa mchanganyiko: suke hili limebeba badiliko, lile la pembeni halina. Mabadiliko mengi pia hujificha, hayaonekani mpaka mmea urithi nakala mbili. Ndiyo sababu mtafiti huvuna suke kwa suke na kusubiri kizazi cha pili, M2, kabla ya kuona alichokipata.

Katika Chuo Kikuu cha Kyushu, Hikaru Satoh na Takeshi Omura waliuliza swali rahisi: kwa nini tusubiri mpaka seli ziwe nyingi? Ua la mpunga hufunguka kwa muda mfupi mchana, na yai likisharutubishwa hubaki seli moja kwa saa chache kabla ya kugawanyika. Mwaka 1979 walichapisha njia yao. Badala ya kuloweka mbegu, walichukua mashuke yaliyo hai na kuyatumbukiza katika maji yenye MNU kidogo sana, kwa muda mfupi, katika zile saa ambazo yai lililorutubishwa bado ni seli moja. Seli ikiwa moja, mmea mzima hurithi badiliko na hakuna mabaka. Wingi wa mabadiliko ulipanda sana.

Kutoka kwenye mpunga wa Kinmaze waliotendea hivyo walipata mkusanyiko wa punje za ajabu: zenye unga laini, zenye sukari, zenye kiinitete kikubwa kupita kawaida. Kwa njia hiyohiyo ya MNU ulipatikana Milky Queen katika miaka ya 1990, kutoka kwa Koshihikari, mpunga unaopendwa mno Japani. Wali wa Milky Queen una amilosi kidogo, ambayo ni sehemu ya wanga inayofanya wali usishikane. Hivyo unanata na kubaki laini hata ukipoa. Sisi tuliozoea wali wa nazi uliochambuka tunaweza kushangaa kwamba mtu ahangaike miaka kadhaa ili wali ushikane. Hapo ndipo msemo wetu unaporudi na maana yake ya jikoni.

Mche mmoja wa Louisiana

Mashamba ya mpunga ya kusini mwa Marekani yamekuwa yakisumbuliwa na mpunga mwekundu, ambao ni gugu. Kwa kuwa gugu hilo na mpunga unaolimwa ni spishi moja, dawa ya kuua gugu iliua na mazao. Timothy Croughan, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, aliloweka mbegu katika EMS, akapanda vizazi vyake, kisha akavipulizia dawa ya magugu ya jamii ya imidazolinoni. Mwaka 1993 alipata mmea uliosalimika. Kutokana na kazi hiyo, mpunga wa Clearfield uliingia sokoni mwaka 2002.

Badiliko lenyewe lilipochunguzwa lilikuwa herufi moja: G imekuwa A, na kwa sababu hiyo asidi amino ya glaisini ikabadilishwa na asidi ya glutamiki katika kimeng'enya ambacho dawa ya magugu hukishambulia. Ni alama hasa ya EMS, kama tulivyoieleza hapo juu.

Hatutaki kuifanya habari hii kuwa ya ushindi mtupu. Mpunga na mpunga mwekundu huweza kuchavushana. Baada ya miaka michache, uwezo wa kustahimili dawa ulionekana kwenye gugu lenyewe, na wakulima wakarudi kwenye tatizo walilolianza. Mkulima pia alijikuta akinunua mbegu na dawa kama jozi. Herufi moja inaweza kubadili utaratibu wa shamba zima, na anayeipata herufi hiyo anaweza kuimiliki kwa hataza. Huu ni upande wa historia ambao grafu za maabara haziuonyeshi.

Kuzihesabu herufi

Kwa miongo mingi, mafanikio ya kuloweka yalipimwa kwa macho: miche myeupe isiyo na kijani, mimea mifupi, punje za sura mpya. Kuanzia mwaka 2000 ilikuja njia ya TILLING, iliyobuniwa Seattle, ya kuyatafuta mabadiliko ndani ya DNA yenyewe, jeni kwa jeni. Mwaka 2007 Bradley Till na wenzake walichapisha matokeo ya makundi mawili ya mpunga. Kundi moja lilitokana na EMS, jingine na sodiamu azaidi ikifuatana na MNU. Kwa EMS walipata badiliko moja katika kila herufi 294,000; kwa mchanganyiko wa pili, moja katika kila herufi 265,000.

Tukumbuke kwamba DNA ya mpunga ina herufi karibu milioni 390. Tukigawanya, kila mmea wa kundi la EMS ulibeba mabadiliko takribani 1,300. Kundi lililotangulia, lililotengenezwa katika taasisi ya IRRI huko Ufilipino kutokana na mpunga wa IR64, lilikuwa na msongamano mdogo zaidi. EMS ilikuwa ileile, lakini aina ya mpunga na utaratibu vilikuwa tofauti. Hesabu hizi zinatufundisha mambo mawili. La kwanza, hali za kuloweka sasa zinaweza kulinganishwa kwa tarakimu badala ya kubahatisha. La pili, mmea mzuri uliopatikana huwa pia umebeba mamia ya mabadiliko mengine ambayo hakuna aliyeyaomba. Ndiyo maana mzalishaji wa mbegu huupandikiza tena na mzazi wake, kizazi baada ya kizazi, ili kuyaondoa.

Na kwetu?

Aina nyingi za mimea zilizoorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, kuwa zimetokana na mabadiliko ya kulazimishwa, zilipatikana kwa mionzi na si kwa kemikali. Orodha hiyo imepita aina 3,000, na mpunga unaongoza. Zanzibar nayo imo katika historia hii kwa njia ya mionzi: wakulima wake wamepata mbegu ya SUPA BC kwa ushirikiano na IAEA. Anayejua Waswahili wanavyouthamini mchele wa Supa kwa harufu yake atafahamu kwa nini jina hilo halikuachwa.

Njia ya kemikali ina mvuto wake kwa nchi zetu. Haihitaji tanuri la kobalti wala kupeleka mbegu Vienna. Inahitaji chumba, mizani, maji safi na mtu mwangalifu. Lakini hapo ndipo hoja yetu inapokuwa na uzito. Jedwali lililotengenezwa Pullman kwa shayiri, au Kyushu kwa Kinmaze, haliwezi kunakiliwa tu na kutumiwa kwa mpunga wa Kyela au wa Cheju. Joto la maji ya Unguja mwezi wa Februari si joto la maji ya Pullman. Mpunga wa kwetu una ganda lake, usingizi wake na ustahimilivu wake. Mwenye kuleta kemikali bila kupima hali atapata mbegu zilizokufa, au zilizo hai zisizo na jipya, na atasema njia haifai. Zaidi ya hayo, kipimo hicho kinapaswa kuchukuliwa na watu wanaoujua mpunga huo, wanaoweza kuangalia mimea elfu ya M2 na kutambua ule mmoja ambao umefupika bila kupoteza harufu. Macho hayo hayanunuliwi pamoja na chupa ya EMS.

Kuna pia suala la lugha, ambalo ni letu sisi wa chama hiki. Tulipoandika makala hii tulikuta kwamba Kiswahili kinajitosheleza kwa sehemu kubwa: kuloweka, kusuuza, suke, kiinitete, gugu, tasa. Yaliyotusumbua ni majina ya kemikali tu, na hayo ni mageni hata kwa Mwingereza. Maelekezo ya usalama wa dawa kali kama hizi yakiandikwa kwa lugha ambayo fundi wa maabara anaifikiria, mikono haitaungua kama ya Auerbach.

 Atakayetaka kutupinga, ama kwa upande wa historia au wa biolojia, tunamkaribisha kwenye kikao kijacho cha chama. Wali utakuwepo, na uliochambuka.